Bisibisi Iwe ya Mwisho: Kutengeneza na Kusawazisha Sinthesaiza ya Analogi Mombasa

Malalamiko ambayo fundi wa vinanda hapa Mombasa huyasikia mara nyingi kuhusu sinthesaiza ya analogi ni yale yale: kinanda huwa sawa jioni kinapowashwa, lakini kufikia saa tano za usiku, harusi ikiwa imepamba moto, mpigaji hulazimika kugeuza kinobu cha tyuni kati ya wimbo na wimbo ili asikosane na gitaa la besi. Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kufungua mfuniko, kutafuta vidude vidogo vyenye mfereji wa bisibisi, ambavyo mafundi huviita trima, na kuvizungusha hadi sauti ikae. Dawa hiyo ndiyo ugonjwa wa pili. Hitilafu ya mwanzo inabaki palepale, na juu yake kunaongezwa vipimo vilivyovurugwa ili kuificha, hata fundi atakayefuata asijue aanzie wapi. Nayasema haya kwa kuwa nilipokuwa ninaanza kazi nilifanya hivyo hivyo, na kinanda kile kilinichukua wiki mbili kukirudisha katika hali niliyokikuta nayo.

Sinthesaiza ya analogi haina nyuzi, haina mianzi ya kupulizwa, wala haina sauti zilizorekodiwa kwingine. Sauti yake huzaliwa ndani ya saketi, na kila sifa ya sauti hiyo, kuanzia kimo cha noti hadi ukali na urefu wake, huendeshwa na volti zinazopanda na kushuka. Mmarekani Robert Moog alianza kuunda mitambo ya namna hii mwaka 1964, na Minimoog ya 1970 ikaifanya iweze kubebwa hadi jukwaani. Wajapani wakafuata kwa wingi na kwa bei nafuu: Korg Polysix ilitoka mwaka 1981, na Roland Juno-106 mwaka 1984, ingawa kufikia hapo Yamaha DX7 ya 1983, ambayo sauti zake ni hesabu za kidijitali, ilikuwa imekwisha kuanza kuzisukuma kando. Sisi tunaviita vyote vinanda. Neno hilo pwani lilikuwa la ala ya nyuzi kabla ya kuwa la ala ya vibao, na mzee wa Lamu akikutajia kinanda, muulize kwanza kama hamaanishi gambusi.

Ugumu wote wa chombo hiki unatokana na jambo moja, nalo ni kwamba sikio huhesabu kwa kuzidisha ilhali vibao huhesabu kwa kujumlisha. Noti ya La ambayo bendi hutumia kulinganishia ala zake hutetemeka mara 440 kwa sekunde, yaani hezi 440. La iliyo oktava moja juu yake ni hezi 880, inayofuata ni 1760, na ukishuka utakutana na 220 kisha 110. Kila oktava ni maradufu ya iliyo chini yake, na bado sikio huzisikia hatua hizo kuwa sawa, kama ngazi yenye vipandio vilivyoachana kwa kipimo kimoja. Vibao kwa upande wake vimeunganishwa na mnyororo wa rezista, yaani vipande vinavyokinza mkondo wa umeme, zinazolingana, hivyo kila kibao huongeza kiasi kilekile cha volti juu ya kibao kilichotangulia. Kwa kanuni iliyoenezwa na Moog, oktava nzima ni volti 1, na kwa kuwa oktava ina nusu-toni 12, kibao kimoja ni takriban milivolti 83.3. Wanamuziki huigawa nusu-toni katika sehemu 100 ziitwazo senti, hivyo oktava ina senti 1200, na milivolti 1 ikipotea kati ya kibao na saketi inayozaa mtetemo, noti huwa imekosea kwa senti 1.2. Msikilizaji wa kawaida hatambui senti 2 au 3. Sikio lililolelewa na ala ya udi litatambua 10 bila kuulizwa.

Si vyombo vyote vinavyofuata kanuni hiyo. Korg MS-20 ya 1978, na baadhi ya Yamaha za familia ya CS za miaka hiyo, huongeza volti maradufu kwa kila oktava badala ya kuongeza volti moja, na anayetengeneza vyombo hivyo asitumie hesabu za makala haya.

Osileta, yaani saketi inayozaa mtetemo, ni rahisi kuelewa kwa mtu aliyewahi kupanga foleni ya maji. Chukua mtungi wa lita 20 uliowekwa chini ya bomba, na kando yake amesimama mtu ambaye kila mtungi ukijaa huumwaga wote mara moja na kuurudisha. Bomba ni mkondo wa umeme, mtungi ni kapasita, na anayemwaga ni saketi ndogo inayoshtuka volti inapofika kiwango kilichowekwa. Volti hupanda polepole na kuanguka ghafla, na ukiitazama kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora volti kwenye kioo, utaona meno ya msumeno. Ukifungua bomba litoe maji maradufu, mtungi utajaa na kumwagwa mara mbili zaidi kwa muda uleule, na noti itapanda oktava moja.

Panahitajika basi mkalimani kati ya vibao vinavyojumlisha na bomba linalotakiwa kuzidisha, na mkalimani huyo ni transista, kipande kidogo kinachotumia volti kuongoza mkondo. Kwa tabia yake ya asili, ikiwa kwenye joto la nyuzi 27 za Selsiasi, kila unapoongeza takriban milivolti 18 kati ya miguu yake miwili iitwayo besi na emita, mkondo unaoipitia huwa maradufu. Kwa hiyo volti 1 ya oktava hupunguzwa kwanza kwa rezista hadi kufikia milivolti 18, ndipo transista ikakabidhiwa. Nafasi ya kukosea hapo ni finyu mno: kosa la milivolti 1 kwenye besi ya transista ni senti 67, theluthi mbili za nusu-toni.

Mkalimani huyu anasumbuliwa na joto, na joto humsumbua kwa njia mbili. Kwanza, transista inapopata moto hupitisha mkondo mwingi zaidi kwa volti ileile, na hili hutibiwa kwa kutumia transista mbili pacha zilizogusanishwa, ili kosa la moja lifutwe na kosa la mwenziwe. La pili ni la hila zaidi. Zile milivolti 18 zenyewe hukua, kwa takriban asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja ya joto, maana yake volti iliyotosha oktava kamili jioni haitoshi tena usiku. Dawa yake ni rezista maalumu ambayo ukinzani wake huongezeka kwa kiwango hichohicho, sehemu 3300 kwa milioni kwa kila nyuzi, na ambayo hubanwa juu ya zile pacha ili ipate joto lao. Bila rezista hiyo, joto la ndani ya kinanda likipanda kwa nyuzi 10 tu, kila oktava hupungua kwa karibu senti 40, na noti iliyo oktava tatu juu ya mahali pa kuanzia hushuka kwa senti 120, zaidi ya nusu-toni nzima. Hesabu hii ndiyo iliyokuja kunifafanulia kinanda kimoja cha harusi.

Kinanda hicho kililetwa kwangu Kibokoni, mtaa wa hapa Mombasa, kikiwa kimefungwa kwa leso mbili. Kilikuwa cha Kijapani, cha sauti moja, yaani hulia noti moja tu kwa wakati, chenye vibao 37 na osileta mbili, na mwenyewe alikuwa amekwisha kukipeleka kwa fundi mwingine mwaka mmoja kabla. Malalamiko yalikuwa kama nilivyoyaeleza mwanzoni, pamoja na moja la ziada: noti ikiachwa ilie baada ya kidole kuinuka, iliteremka yenyewe kama mtu anayeshuka ngazi kwa kunyata.

Jambo la kwanza kupimwa ni umeme, wala si noti. Japani hutumia volti 100 na sisi tunatumia 240, na vinanda vingi vya mtumba vilivyokufa hapa mjini viliuawa siku ya kwanza na plagi. Aliyebahatika kununua transfoma ya kushusha bado hajamaliza, kwa kuwa transfoma nyingi zinazouzwa hapa hutoa volti 110, na stima ikipanda kidogo hutoa zaidi. Chombo kilichoundwa kwa volti 100 kitafanya kazi, lakini ile ziada ya asilimia 10 hugeuka kuwa joto ndani ya sanduku, na joto, kama tulivyoona, ndilo adui wa noti. Transfoma yenye toleo la volti 100 hasa inastahili gharama yake. Upande ule wa umeme mkubwa usiguswe plagi ikiwa ukutani, na hata plagi ikiwa imetolewa, kapasita kubwa ziachwe ziishiwe chaji na kupimwa kabla ya kidole kusogea.

Ndani, saketi za muziki hutegemea volti mbili tulivu, moja chanya na moja hasi, ambazo katika vyombo vingi vya enzi hiyo ni 15 kila upande. Kitabu cha matengenezo cha chombo husika ndicho kinachotoa kauli ya mwisho. Hapa chanya ilisoma 15.02, na hasi ikasoma 14.1, na mita ilipogeuzwa upande wa umeme wa mawimbi ilionyesha kwamba ile hasi ilikuwa ikitetemeka. Hiyo ni alama ya kapasita za elektroliti zilizokauka. Kapasita hizi zina majimaji ndani yake, na kanuni inayokubalika kwa mafundi ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wake hupungua nusu. Chombo kilichokaa miaka 40, sehemu kubwa yake chini ya mabati ya pwani, hakina haja ya kuombewa huruma: kapasita zote za upande wa umeme hubadilishwa kwa pamoja. Nilipozibadilisha, hasi ikarudi 15 na mngurumo wa chini ukatoweka. Hebu fikiria fundi ambaye angesawazisha osileta huku volti inayozilisha ikiyumba namna hiyo.

Lile la noti inayoteremka lina asili ya kipwani kabisa. Kidole kinapoinuka, kinanda hulazimika kukumbuka volti ya kibao cha mwisho ili noti ipate kufifia katika kimo chake, na kumbukumbu hiyo ni kapasita ndogo iliyochajiwa na kuachwa peke yake. Tuchukue kapasita ya maikrofaradi 0.1 yenye volti 3. Ikiwa bodi ni safi na kavu, chaji haina pa kwenda. Lakini chumvi ya bahari ikitua juu ya bodi pamoja na vumbi na mabaki ya lehemu, kisha unyevu wa masika ukailainisha, inajengeka njia nyembamba ya umeme isiyoonekana. Hata ukinzani wa njia hiyo ukiwa ohmu bilioni 1, ambao mita ya kawaida haiwezi kuusoma na itakuambia hakuna kitu, volti itavuja kwa milivolti 30 kila sekunde, nayo ni senti 36, zaidi ya theluthi ya nusu-toni. Hakuna trima ya jambo hili. Nilisugua eneo lile kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili, nikasuuza kwa maji yaliyotoneshwa, nikarudia alkoholi, kisha nikaiacha bodi siku nzima ndani ya kabati lenye taa ya joto, mbali na dirisha. Noti ikasimama mahali pake. Nimeona vinanda vilivyokuwa vizima wakati wa kaskazi vikianza kuvuja mara mvua za Aprili zinaposhika, na wenyewe wakiapa kwamba kuna mtu amevichezea.

Wenye Polysix wana tatizo lao la pekee ambalo nisipolitaja nitakuwa nimewanyima. Chombo hicho huhifadhi sauti zake kwa msaada wa betri ya nikeli na kadimi iliyolehemewa juu ya bodi ya kompyuta yake, na betri hiyo ikizeeka huvuja majimaji makali ambayo hula nyaya za shaba za bodi. Ukifungua utaona ukungu wa kijani na bluu ukitambaa kutoka kwenye betri, na ukisogeza pua utasikia harufu kali. Majimaji hayo ni alkali, kwa hiyo hutulizwa kwa asidi nyepesi: pamba iliyochovywa siki nyeupe, kisha maji yaliyotoneshwa, kisha alkoholi. Nyaya zilizolika huunganishwa upya moja moja kwa waya mwembamba, chini ya kioo cha kukuzia, na betri mpya hufungwa mbali na bodi. Kama unacho chombo hicho na hujawahi kukifungua, kifungue wiki hii.

Vibao havinichukui maneno mengi. Vya kisasa kidogo hubonyeza kofia za mpira zenye kaboni, na usugu wake huondoka kwa pamba na isopropili. Vya kale hutumia nyaya za chuma zilizopakwa madini yasiyoshika kutu kwa tabaka jembamba mno, na anayezisugua kwa msasa huliondoa tabaka hilo milele. Mafuta ya kupuliza ya kulainishia vitasa yasikaribie kibao wala kinobu. Huteleza vizuri kwa mwezi mmoja, kisha hushika vumbi na kuwa gundi.

Baada ya hayo yote, kinanda cha harusi bado kilihama. Hapo ndipo kuwa na osileta mbili kulipokuwa neema. Niliziweka zote mbili katika noti moja ya juu, nikafunga mfuniko nusu, nikasubiri. Mwanzoni zililia kama kitu kimoja. Baada ya dakika 20 nikaanza kusikia mawimbi ya taratibu, yale yanayosikika noti mbili zinapoachana kidogo: hezi 440 na hezi 441 zikilia pamoja hutoa wimbi moja kwa sekunde. Baada ya dakika 40 mawimbi yalikuwa ya kasi, na kipima noti kikaonyesha kwamba osileta ya pili haijasogea ila kwa senti 4, ilhali ya kwanza imeshuka karibu nusu-toni. Zaidi ya hayo, kwenye vibao vya chini zilikuwa bado karibu sawa. Kosa linalokua kadiri unavyopanda vibao, na linalokua kadiri joto linavyopanda, haliwezi kuwa jambo lingine ila ile rezista ya joto.

Nilizilinganisha bodi mbili za osileta kwa tochi. Kwenye ya pili, rezista ilikuwa kubwa kidogo, imelala juu ya transista pacha ndani ya tone la gundi nyeupe. Kwenye ya kwanza ilikuwapo rezista ya kawaida yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, imesimama kwa miguu mirefu, hata haigusi kitu. Niliitoa na kuipima: ohmu 998. Ile halisi nayo ni ohmu 1000, na bila shaka hivyo ndivyo aliyetangulia alivyoona sawa kuibadilisha. Nikaibana kati ya vidole viwili huku ncha za mita zikiwa zimeshika miguu yake. Rezista ya kweli ingepanda kwa ohmu 3.3 kwa kila nyuzi, na vidole vyangu vingeipandisha kwa ohmu 20 au zaidi katika dakika moja. Hii ilikaa 998 kana kwamba imeshikwa na maiti. Mtu aliyeifunga hakuwa mjinga. Mita yake ilimwambia ukweli, ila ukweli wa joto moja tu, la saa ile aliyopima. Rezista sahihi niliiagiza kutoka nje, na usafiri wake ulizidi bei yake mara kadhaa. Nilipoifunga niliilaza juu ya pacha kwa gundi inayopitisha joto, kama ilivyo ya jirani yake.

Sasa ndipo bisibisi inaporuhusiwa, na hata hapo si mara moja. Kinanda huwashwa na kuachwa nusu saa au zaidi, mfuniko ukiwa umerudishwa, katika chumba kisicho na kiyoyozi, kwa sababu harusi za uani hazina kiyoyozi. Feni nayo huzimwa, maana upepo wake hupoza transista upande mmoja. Kijana anayenisaidia hulalamika, “Ami, watuua na joto,” na katika mwezi wa Februari siwezi kumlaumu.

Kila osileta ina trima mbili zinazohusika. Moja huinua au kushusha noti zote kwa pamoja, na nyingine hupanua au kubana oktava. Ya pili ndiyo kiini cha kusawazisha, na ndiyo inayowachanganya wengi, kwa sababu ukiigusa husogeza noti za juu na za chini pia, ingawa si kwa kiasi sawa. Kwenye kinanda hiki, kibao cha kwanza, Fa ya chini, hutoa volti 1, na kibao cha 37, Fa iliyo oktava tatu juu, hutoa volti 4. Nililinganisha Fa ya chini hadi kipimo kikasoma hezi 87.3. Nikabonyeza ya juu, ambayo ilitakiwa iwe 698.5, ikasoma 688.8. Hiyo ni pungufu ya senti 24 katika oktava tatu, yaani senti 8 kwa kila volti.

Anayeanza huzungusha trima ya oktava mpaka ya juu isome 698.5, hufurahi, akirudi chini hukuta nako kumepanda. Hushusha chini, akirudi juu hukuta kumeshuka. Na anaweza kupanda na kushuka hivyo hadi adhana ya alasiri. Hesabu fupi humwokoa. Kila volti inahitaji senti 8 zaidi, hivyo noti yenye volti 4 itapanda senti 32 na yenye volti 1 itapanda senti 8. Maana yake, unapozungusha trima, noti ya juu isiachwe ifike 698.5 na kusimama. Ipitilize kwa senti 8, hadi hezi 701.7. Noti ya chini itakuwa imefika 87.7. Ukishusha sasa zote kwa pamoja senti 8 kwa trima ya jumla, zote mbili zitakaa mahali pake. Kwa kawaida hubaki kosa la senti 1 au 2, na mzunguko wa pili hulimaliza. Vibao vya katikati hupimwa baadaye. Kama ncha mbili ni sawa na katikati kumepinda, kosa ni la mnyororo wa rezista za vibao, na osileta isilaumiwe.

Kuna kosa moja la juu kabisa ambalo trima ya oktava haiwezi kulitibu, na tunaweza kulielewa kwa kurudi bombani. Anayemwaga mtungi huchukua muda fulani kuumwaga, na muda huo haubadiliki hata maji yakija kwa kasi gani. Ikiwa mtungi unajaa kwa saa nzima, sekunde chache za kumwaga si kitu. Ikiwa unajaa kwa nusu dakika, sekunde hizo hizo ni sehemu kubwa ya kazi. Kapasita ya osileta ikihitaji maikrosekunde 1 kujimwaga, kwenye noti ya hezi 110, ambayo mzunguko wake ni maikrosekunde 9091, kosa halifiki senti 0.2. Kwenye hezi 3520 mzunguko ni maikrosekunde 284 pekee, na kosa linafika senti 6. Ndiyo maana osileta nyingi zina trima ya tatu kwa ajili ya noti za juu, na hiyo huguswa baada ya oktava za chini kutulia.

Osileta ya pili hulinganishwa na ya kwanza kwa masikio tu, kwa kuyafuata yale mawimbi hadi yapungue na kukoma. Filta, yaani saketi inayochuja ukali wa sauti, hufuata. Mwangwi wake, ule unaoandikwa “resonance” kwenye kinobu, ukipandishwa hadi ianze kupiga mluzi yenyewe, hugeuka kuwa osileta, na huweza kusawazishwa kufuata vibao kwa njia ileile, ingawa hapa kosa la senti 20 haliwezi kumfukuza mtu ukumbini.

Wenye Juno-106 wanaweza kuwa wamesoma yote haya bure, kwa kuwa osileta za chombo hicho huongozwa na saa ya kidijitali, nazo hazihami kwa joto. Kinachowasumbua wao ni vipande sita vyeusi vyenye namba 80017A, kimoja kwa kila sauti, ambavyo vimefunikwa na utomvu mgumu ulioanza kupitisha umeme kwa uzee. Sauti moja kati ya sita hukwaruza, hukwama au hunyamaza. Wapo wanaovitoa na kuviloweka ndani ya asetoni siku kadhaa hadi utomvu ule uvimbe na kubanduka, na mara nyingi kipande hufufuka. Asetoni hiyo iwe safi. Ile ya kutolea rangi ya kucha inayouzwa kwa manukato na mafuta ndani yake haifai.

Kinanda cha harusi nilikiacha kimewashwa usiku kucha, nikakipima saa moja asubuhi kulipokuwa na baridi kidogo, na tena saa nane mchana chini ya bati. Noti ya juu kabisa ilisogea kwa senti 5 kati ya vipimo hivyo viwili. Kabla ya kufunga skrubu nilibandika utepe wa karatasi upande wa ndani wa mfuniko, nikaandika kwa kalamu tarehe, joto la chumba nyuzi 31, volti za umeme wa ndani, thamani ya rezista ya joto pamoja na maneno “usibadilishe kwa ya kawaida”, kisha nikakifunga tena kwa leso zake.